Kushiba na Kukinai

Katika miji ya pwani kama Lamu, Mombasa na Unguja, halua huliwa pamoja na kahawa chungu isiyotiwa sukari. Mlaji hula kipande, hunywa kikombe kidogo, kisha huirudia halua kwa hamu mpya. Desturi hii ina sababu yake.

Halua hupikwa kwa sukari, wanga na samli. Kipande cha kwanza hupendeza sana, cha tatu hupendeza kidogo, na cha tano humkinaisha mlaji. Je, utamu umetoka katika halua? La, halua ni ile ile. Kinywa ndicho kilichochoka. Basi kahawa ya moto huondoa mafuta ya samli ulimini, na uchungu wake huufanya utamu unaofuata uonekane kama mpya.

Yafaa kupambanua mambo haya mawili: kushiba ni kwa tumbo, kukinai ni kwa kinywa. Mwaka 1981 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walieleza majaribio yao. Watu walilishwa chakula kimoja mpaka wakatosheka, kisha wakaulizwa habari za ladha. Chakula walichokila kilikuwa kimewapungukia uzuri, lakini vyakula vingine havikupungua sana. Tena walipoletewa chakula cha namna nyingine, walikula zaidi kuliko walipoletewa kile kile.

Tabia hii ina faida kubwa, maana hakuna chakula kimoja chenye kila kitu kinachotakiwa na mwili. Wali hutia nguvu, samaki na kunde hujenga mwili, matunda na mboga husaidia kuukinga na maradhi. Aliyekinai wali mtupu hutafuta mchuzi, na aliyekinai mchuzi hutamani embe. Hivyo mwili hupata haki yake.

Lakini kinywa huweza kumdanganya mtu. Hata aliyeshiba kabisa, akiona kashata, huitamani. Mwenye busara hujiuliza: “Kama ningepewa sahani nyingine ya chakula kile kile, ningekula?” Akijibu ndiyo, huenda bado ana njaa, akijibu la, huenda tumbo limekwisha kushiba, na kinachotaka ni kinywa tu.

MASWALI

1. Kushiba na kukinai vina tofauti gani?
2. Kwa nini halua huliwa pamoja na kahawa chungu?
3. Eleza faida moja na hatari moja ya kutamani ladha mbalimbali.