Maziwa ya kopo kwa mtoto mchanga: kipimo gani?

Katika namba hii hatuongei juu ya mahindi. Katika mikutano ya koperative zetu za kando ya Kolwezi, ulizo moja linarudi kila mara, na mabibi ndio wanaliuliza zaidi. Mama amefariki kwa kuzaa, ao amezaa mapacha na maziwa haitoshi, familia imechanga franka na kununua kopo: sasa tumpe mtoto kiasi gani? Sisi ni maagronomu, si waganga. Lakini tulienda kuuliza wale wenye kazi yao, na tumeona kama hesabu yenyewe inafanana sana na ile ya mbolea ambayo munaijua tayari.

Kwanza hili. Kama mama yuko na ni mzima, ziwa lake ndilo chakula cha miezi 6 ya kwanza, paka hilo, bila maji, bila uji. Yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza musiyamwage. Munajua kama mwana-mbuzi asiponyonya maziwa ya kwanza anakufa kwa urahisi. Mtoto wa mtu naye anapata humo kinga yake. Mama anayeenda shambani anaweza kukamua maziwa yake katika kikombe safi chenye kifuniko, akakiacha kwa bibi mahali pa baridi, na mtoto akapewa mbele ya masaa 4 kupita. Na mama anayesema maziwa yamekauka, mara nyingi yanarudi kama mtoto ananyonya mara kwa mara. Aende kituo cha afya mbele ya kwenda dukani.

Sasa, kama kopo ndiyo njia iliyobaki. Mtoto aliyezaliwa na kilo 2 na nusu ao zaidi, akimaliza wiki ya kwanza, anahitaji karibu mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa siku nzima, mchana na usiku. Chukua mtoto wa kilo 3: 150 mara 3 ni mililita 450. Gawanya kwa mara 8, maana anakula kila masaa 3: inakuwa mililita 55 mpaka 60 kwa mara moja. Siku za kwanza tumbo lake ni dogo sana. Siku ya kwanza hesabu mililita 60 kwa kilo, kiisha ongeza 20 kwa kilo kila siku mpaka ufike 150. Kwa yule wa kilo 3, siku ya kwanza ni mililita 20 na kidogo kwa kila mara. Bibi ataona ni kama mzaha, lakini inatosha. Akiacha kidogo, usimlazimishe. Akilia njaa, umuongeze. Aliyezaliwa chini ya kilo 2 na nusu ana hesabu yake mwenyewe, na huyo ni wa kituo cha afya, si wa gazeti letu. Mizani ya kupimia magunia pia haifai: mukamupime kituoni.

Tunafika sasa pale watoto wanapopotea. Kopo nyingi zinaomba kijiko kimoja kilichosawazishwa, kile cha ndani ya kopo, kwa mililita 30 za maji. Soma kopo lako, maana vijiko havifanani. Mtoto wa kilo 3 anamaliza vijiko 15 hivi kwa siku, kwa hiyo kopo la gramu 400 linaisha kwa siku 6. Familia inaona hivyo, inaogopa, inaanza kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa wiki mbili. Mtoto anashiba maji. Hakui, anaweza hata kupata kifafa. Mahindi yaliyokosa mbolea utayaona yamekuwa manjano, na msimu ujao unarekebisha. Mtoto wa mwezi mmoja hana msimu ujao. Kuzidisha unga nako ni vibaya, kunamkausha na kuchosha figo.

Kwa hiyo muhesabu mapema. Miezi 6 inaomba karibu kilo 20 za unga, ni kusema kopo 50 za gramu 400. Yatima mmoja anazidi nguvu ya nyumba moja. Tunashauri koperative na vikundi vya AVEC viweke jambo hilo katika sanduku la msaada, kama munavyofanya kwa matanga.

Maji: chemsha mpaka yatokote, usingojee zaidi ya nusu saa, mimina maji kwanza halafu unga, ungali moto. Poza kikombe ndani ya maji ya baridi, jaribu tone kwenye mkono. Kilichobaki kisha masaa 2, mwaga, hata kama roho inauma. Na kikombe kidogo ni bora kuliko biberoni, maana biberoni inaficha uchafu. Kwetu Lualaba kuna jambo lingine: moto unaua vijidudu, hauondoi madini. Musichote katika mito inayopokea maji ya migodi, kama Luilu na Musonoi. Tafuteni bomba ao foraji.

Tunajua pia tutaulizwa juu ya soya, sababu sisi wenyewe tunawafundisha kuilima na kuikamua maziwa. Maziwa hayo ni ya wakubwa na watoto waliokwisha kuanza chakula. Mtoto mchanga hapana. Vilevile maziwa ya mbuzi, maziwa matamu ya kopo ya kutia katika chai, na unga wa maziwa wa familia: angalieni kopo liandikwe kwamba ni la tangu kuzaliwa.

Akikojoa mara 6 ao zaidi kwa siku kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, anapata ya kutosha. Akiharisha, akikataa kula ao akilegea, musingojee siku ya soko, mupeleke siku hiyohiyo.