Darsa ya Wiki: Kitabu Kinapopigwa Marufuku Shuleni



Ndugu zangu, Februari 2023 Wizara ya Elimu ya jirani zetu Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, kwa hoja kwamba vinakwenda kinyume na mila na maadili. Miongoni mwake ni mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, hadithi za kuchekesha zinazopendwa na watoto. Sisi tunaojali malezi huwa wepesi kusema alhamdulillah. Lakini je, kazi imeishia hapo?

Imam al-Ghazali ametupa kipimo. Katika al-Munqidh min ad-Dalal anafananisha vitabu vyenye hatari na mto: asiyejua kuogelea huzuiwa asikaribie ukingo, lakini mwogeleaji hodari hazuiwi. Hapa tunapata mafunzo matatu.

Kwanza, kumlinda mtoto ni wajibu. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kupima kila anachosoma, na mzazi ni mchunga atakayeulizwa juu yake.

Pili, mtoto hukua. Akizuiwa miaka yote bila kufundishwa kuogelea, atafika chuoni akutane na mambo yale yale kwenye simu, usiku, peke yake. Ama atayameza yote, ama atayakimbia bila kujua kuyajibu. Tena atakuwa amezoea kwamba maswali mazito hafichuliwi mwalimu wala mzazi. Al-Ghazali hakufanya hivyo. Alisoma falsafa kwanza, akaeleza hoja za wanafalsafa katika Maqasid al-Falasifa, ndipo akawajibu katika Tahafut al-Falasifa.

Tatu, anayezuia naye hukosea. Ihya Ulum ad-Din ya al-Ghazali huyo huyo ilichomwa moto Cordoba mwanzoni mwa karne ya 6 Hijria, kwa amri ya watawala Waislamu. Leo inadarsishwa misikitini kwetu.

Basi tusiishie kushangilia marufuku. Mdogo wako akikuletea kitabu kinachokutia shaka, kisome wewe kwanza. Kama hakimfai kwa umri wake, mweleze sababu. Kama kinamfai, kaeni mkisome pamoja.

Maswali ya halaqa:
1. Ni kitabu gani ulikatazwa shuleni? Ulielezwa sababu?
2. Tafakari Surat az-Zumar, aya ya 17 na 18. Zinamtaka msikilizaji awe na sifa gani?
3. Nani anafaa kuamua kwamba kijana sasa anajua kuogelea?

Wabillahi tawfiq.