Kila Marudio Yawe na Kazi Yake: Kuwafundisha Watoto Kuimba Kanisani Rwamgasa

Mtoto hashiki wimbo kwa sababu ameamriwa kuurudia. Huushika kwa sababu kila unaporudi umemjia na kazi mpya ya sikio, ya mkono, ya jicho au ya mguu, hata akawa ameuimba mara nyingi asihisi kuchoka wala kulazimishwa. Hiyo ndiyo kaida niliyojiwekea katika saa ya nyimbo ya watoto hapa Rwamgasa, na yote nitakayoyaeleza, kwa faida ya mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa watoto wa shule ya Jumapili na asijue aanzie wapi, yanatokana na kaida hiyo moja.

Rwamgasa ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu katika wilaya ya Geita. Watu huja wakisikia kwamba mwamba wenye mali umeonekana, na huondoka wakisikia kwamba rashi, yaani mbio za dhahabu, imezuka kwingine. Kwa hiyo watoto niliowafundisha Jumapili hii aghalabu sio wote nitakaowakuta Jumapili ya mbele. Miongoni mwao wamo Wasukuma, ambao ndio wengi, wamo Wazinza, Waha, Wakurya na wengineo, na wadogo kabisa bado hawajakijua Kiswahili sawasawa. Mwalimu wa mahali palipotulia aweza kuugawa wimbo mmoja katika majuma manne, ubeti kwa juma. Mimi siwezi, maana mgeni wa juma la tatu angekuta kipande kisicho na mwanzo. Kwa hiyo huchagua wimbo mfupi wenye kiitikio chepesi, nikikusudia kwamba mtoto aliyeingia mlangoni leo kwa mara ya kwanza atoke na kitu kizima, japo kiwe kiitikio peke yake.

Huanza na mahadhi kabla ya maneno. Huyaimba kwa sauti ya kinywa kilichofumbwa, na kabla ya kuyaimba huwapa watoto swali moja tu: mwishoni sauti imepanda au imeshuka? Swali hilo huwanyamazisha kuliko makemeo, kwa kuwa mtu anayetafuta jibu hana nafasi ya kumfinya jirani yake. Mara ya pili huwataka wafuatishe sauti kwa kiganja, kikipanda inapopanda na kushuka inaposhuka. Mara ya tatu, hali ya hewa ikituruhusu kukaa nje, humpa mtoto mmoja kijiti achore mavumbini njia ya wimbo, mlima na bonde, nami nikiimba polepole kwa kadiri ya mkono wake. Kisha wenzake huitazama alama ile na kuihukumu, na hukumu yenyewe haiwezekani bila kuimba tena. Maneno yanapokuja hatimaye, huja juu ya njia iliyokwisha kukanyagwa, na hata yule asiyejua Kiswahili huwa tayari na mahali pa kuyaweka.

Kwaya zetu nyingi husoma nota za do, re, mi, na huziona kuwa elimu ya watu wazima, hali asili yake imo katika darasa la watoto. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alibuni njia ya silabi hizo ili watoto waweze kuimba vyema. Na mwaka 1841 mkutano wa walimu wa shule za Jumapili uliofanyika Hull ulimkabidhi kasisi kijana, John Curwen, kazi ya kutafuta njia iliyo sahali ya kufundisha uimbaji, naye akaitwaa njia ya Glover, akaitengeneza, na baadaye akaiongezea ishara za mkono. Karne iliyofuata Zoltán Kodály wa Hungaria akazikubali ishara hizo katika mafundisho yake ya muziki mashuleni. Nayataja haya kwa sababu wako wazee wa makanisa wanaodhani kwamba ishara za mikono ni mchezo wa siku hizi usio na taadhima. Mama mmoja mzee, mtu wa sala sana, aliniuliza baada ya ibada, "Mwalimu, hawa wanasali au wanacheza?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Wanasali, na miguu yao imo ndani ya sala." Akaniitikia marahaba, na Jumapili iliyofuata akaja kukaa nyuma ya watoto, akipiga makofi pamoja nao.

Kuna kelele ambayo mgeni wa mahali hapa huitambua upesi, nayo ni ya makarasha yanayosaga mawe, ambayo hayaadhimishi sabato zote. Badala ya kushindana nayo kwa ukelele, jambo linaloharibu koo za watoto na kuupotosha wimbo, mimi hutumia mchezo wa kimya. Mkono wangu ukiwa juu, wote huimba kwa sauti. Ukishuka, wimbo huendelea moyoni bila midomo kutikisika. Ukipanda tena, sauti zote hazina budi kutokea pamoja, mahali pale pale wimbo ulipofika. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, na kama mwalimu ana nafasi ya kulichukua moja tu katika makala haya, basi alichukue hili. Mtoto aimbaye moyoni hawezi kumtegemea jirani. Lazima awe na wimbo wake mwenyewe, na zile sauti zinapozuka kwa pamoja baada ya kimya cha mstari mzima, furaha inayowapata haihitaji kuchochewa na zawadi ya peremende. Anza na kimya cha neno moja, kisha cha nusu ya mstari, ndipo uthubutu zaidi.

Watoto wa hapa wamezoea kuhesabu na kuchambua mawe, kwa hiyo wakati mwingine huwapa vijiwe, na kila walisikiapo neno fulani la wimbo huweka kimoja mbele yao. Mwisho wa ubeti hulinganisha hesabu, na asiyekubaliana na wenzake hutaka wimbo urudiwe ili haki yake ionekane. Lakini hapa pana hadhari ambayo mwalimu wa Geita hana ruhusa ya kuipuuza. Vijiwe hivyo visitoke mialoni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, na vikopo vya kutengenezea kayamba visiwe vile vilivyookotwa huko, kwa kuwa ndiko dhahabu inakokamatwa kwa zebaki, na zebaki hiyo huchomwa motoni ili dhahabu ibaki, mvuke wake ukiwadhuru wachomaji na walio karibu. Katika miaka ya 2000 shirika la Umoja wa Mataifa la UNIDO liliifanya Rwamgasa kuwa mojawapo ya mahali pa uchunguzi wake juu ya zebaki. Si habari ya uvumi. Mimi hutumia mbegu za maboga na mahindi makavu, na vijiwe vya njia ya kisimani vilivyooshwa.

Aidha, katika ishara za mwili za kuandamana na wimbo, nimeviacha kabisa vitendo vya kuponda mawe na kubeba mfuko mgongoni, ingawa mdundo wake ungefaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza kumtia mtoto katika kazi za hatari, na uchimbaji wa madini ni mojawapo. Hata hivyo wapo wanaokuja Jumapili na mikono yenye sugu. Mtu wa namna hii haongezewi kitu kwa kuonyeshwa ndani ya kanisa kazi iliyomchosha Jumamosi. Robert Raikes, mwenye gazeti wa Gloucester, alipoanzisha shule ya Jumapili mwaka 1780, aliwaanzishia watoto waliokuwa wakifanya kazi siku sita za juma, wengine katika viwanda vya pini, nao hawakuwa na siku nyingine ya kushika kitabu. Nikilikumbuka hilo huona kwamba saa yetu ya nyimbo ni haki ya mtoto kupumzika na kupewa kitu kizuri kwa wakati mmoja, na huchagua vitendo vya kupanda, vya kuchota maji, vya kuruka kwa ndege, vya kumlaza mtoto mchanga.

Usukumani kuna urithi mwingine mkubwa wa kutumia. Ngoma za Wagika na Wagalu hushindana tangu zamani, pande mbili zikicheza kwa wakati mmoja, na watu huamua mshindi kwa kuuhama upande mmoja kuuendea mwingine. Huko Bujora, karibu na Mwanza, padre David Clement wa shirika la White Fathers aliuingiza muziki wa Kisukuma katika ibada tangu miaka ya 1950, na mashindano ya ngoma yakawa sehemu ya sikukuu ya Bulabo, inayoadhimishwa wakati wa sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Sisi si Wakatoliki kama yeye, walakini hekima haiulizwi dhehebu lake. Huwagawa watoto pande mbili, kila upande ukajifunza ubeti wake pembeni, kisha husimama kukabiliana. Na upande ulioshinda kwangu ni ule ambao ubeti wake umeshikwa na upande wa pili kwanza. Kwa sharti hilo moja, bidii ya kushindana yageuka kuwa bidii ya kufundishana, na yule mgeni aliyefika jana kutoka Kahama au Chunya hugombaniwa kama mwanafunzi wa kwanza.

Picha nazo zina nafasi yake. Huchora nyuma ya kalenda za mwaka uliopita, picha moja kwa kila mstari, nikazitundika kwa mfuatano. Wakiisha kuimba mara moja huigeuza moja, wakaimba kwa kuikumbuka, kisha nyingine, hata ukuta ukawa mtupu na wimbo ungali mzima.

Liko jambo la mwisho. Watoto wakubwa wa miaka kumi na zaidi, ambao huanza kuona haya kuruka pamoja na wadogo, wasiachwe wakae nyuma wakinong'onezana. Mmoja apewe ishara ya mkono ya kimya, mwingine kijiti cha mavumbini, mwingine ngoma, mwingine amkalie karibu mtoto asiyejua Kiswahili na kumfasiria kwa Kisukuma au Kiha. Lakini mpe habari Jumapili iliyotangulia, faraghani, mbele ya mzazi wake ikiwezekana, umfundishe kipande chake juma zima likiwa mbele yake. Usimwite ghafula asubuhi ile mbele ya wenzake, kwa kuwa kijana wa umri huo akifedheheka mara moja katika kuimba hatathubutu tena.