Mume Aliyepotea na Mke Aliyeritadi: Sheria ya Ndoa ya Kiislamu Ilivyobadilika India

Katika kipindi cha majadiliano ya kidini swali moja halikosi kuulizwa: je, sheria ya Kiislamu hubadilika? Wapo wanaojibu upesi kwamba haibadiliki kamwe, kwa sababu Waislamu wanaamini imetoka kwa Mungu. Wengine husema serikali zimekwisha kuibadilisha yote, likabaki jina tu. Majibu yote mawili ni mepesi mno. Paroko wa mji wenye misikiti na makanisa hayatamsaidia siku atakapoingia ofisini mwake mwanamke mwenye cheti cha ndoa ya Kiislamu na kuomba ubatizo. Katika somo hili tutafuata kisa kimoja cha kweli, cha India ya wakati wa ukoloni wa Kiingereza, maana ndani yake yamo maswali yote mawili: la sheria na la ubatizo.

Kwanza tuweke maneno sawa. Kiswahili chetu hutumia neno "sheria" kwa mambo matatu ambayo Waislamu wenyewe huyatenganisha. Kuna sharia, yaani njia ya Mungu jinsi muumini Mwislamu anavyoipokea kutoka katika Kurani na mwenendo wa Mtume Muhammad. Kuna fikihi, yaani kazi ya wanazuoni ya kuielewa njia hiyo na kuifafanua katika mambo ya kila siku, kazi ya kibinadamu ambayo wenyewe wanakiri inaweza kukosea. Na kuna kanuni inayotungwa na mtawala. (Neno hili "kanuni" lilitoka kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia sisi. Kanuni za Kanisa na kanuni za masultani ni ndugu wa tumbo moja.) Fikihi ya Wasuni nayo ina madhehebu manne: Hanafi, Maliki, Shafii na Hanbali. Waislamu wengi wa pwani yetu ni Washafii. Wa India wengi ni Wahanafi. Jambo hilo ndilo chanzo cha kisa chetu.

Kwa Wahanafi, mke alikuwa na njia chache sana za kutoka katika ndoa bila ridhaa ya mumewe. Mume akisafiri asirudi, wala habari zake zisisikike, mke alitakiwa kungoja mpaka muda ambao watu wa rika la mume huyo wangekuwa wamekwisha kufa. Hesabu iliyotajwa mara nyingi ni miaka 90 tangu mume azaliwe. Mke wa miaka 20 aliyeachwa na mume wa miaka 30 alikuwa amefungwa kwa maisha yake yote. Wamaliki walikuwa na rai tofauti: mke apeleke shauri kwa kadhi, angoje miaka minne, kisha akae eda ya mjane, yaani miezi minne na siku kumi, na baada ya hapo yu huru kuolewa.

Nimeona darasani watu wakicheka wanaposikia hiyo miaka 90. Anayecheka afungue Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, kanuni ya 1707. Askofu hawezi kutamka kwamba mwenzi anahesabiwa amekufa mpaka apate uhakika wa kimaadili kuhusu kifo chenyewe, na kutoonekana peke yake, hata kwa muda mrefu, hakutoshi. Katika jambo hili sisi tuko karibu zaidi na Wahanafi kuliko na Wamaliki, na sababu inafanana: ndoa ni kifungo kizito, wala hakilegezwi kwa kukisia.

Zamani ugumu huo ulikuwa na mlango wa pembeni. Kadhi wa Kihanafi aliyeona dhiki ya mwanamke aliweza kumwelekeza kwa kadhi wa madhehebu mengine, au kumwachia naibu anayefuata rai nyingine atoe hukumu. Mufti alisoma vitabu vingi, akapima hali ya mtu aliyesimama mbele yake. Waingereza walipoishika India, mlango huo ukafungwa, na nadhani walioufunga hawakujua wanafunga nini. Mwaka 1772 Gavana Warren Hastings aliagiza kwamba katika ndoa na mirathi Waislamu wahukumiwe kwa sheria za Kurani. Lakini mahakimu Waingereza hawakujua Kiarabu. Walihitaji kitabu kimoja, kifupi na chenye jibu moja. Hidaya, kitabu cha Kihanafi cha karne ya 12, kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Charles Hamilton mwaka 1791, na mahakama zikakishika kama vile kingekuwa sheria iliyotungwa na bunge. Hukumu moja ikawa mfano wa kufuatwa na hukumu zilizofuata. Mwaka 1864 serikali ikafuta vyeo vya makadhi mahakamani. Hivyo rai ya wanazuoni wa zamani, ambayo ilikuwa moja kati ya nyingi, ikaganda. Kwa sehemu kubwa, ile "sheria ya Kiislamu isiyobadilika" aliyokutana nayo Mwislamu wa India katika karne ya 19 ilikuwa kazi ya mahakama za kikoloni.

Basi mwanamke aliyetelekezwa alifanya nini? Alibakiwa na upenyo mmoja. Kitabu hichohicho kilisema kwamba mke akiritadi, yaani akiuacha Uislamu, ndoa yake inavunjika papo hapo. Kitabu kilisema pia kwamba mwanamke wa namna hiyo afungwe gerezani mpaka arudi, lakini sehemu hiyo Waingereza hawakuitekeleza. Na tangu sheria ya mwaka 1850 mtu aliyebadili dini hakupoteza hata haki zake za mali. Mahakama ikachukua nusu ya fundisho na kuiacha nusu nyingine. Mwanamke akija mbele ya hakimu na kuthibitisha kwamba ameuacha Uislamu, hakimu alitamka kwamba ndoa imekwisha. Wako waliokwenda misheni, wakabatizwa, wakatoka na cheti. Hasa katika Punjab mashauri ya aina hiyo yalizidi, hata Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa, akayataja katika mihadhara yake kama aibu kwa sheria ambayo kusudi lake ni kuilinda dini.

Tutulie hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kisa kinapotugusa sisi. Wamisionari wengine waliona idadi ya wabatizwa ikipanda na kufurahi. Lakini wale wanawake walikuwa wakitafuta nini? Wengi walitafuta tu mlango wa kutokea katika nyumba isiyo na chakula wala mume. Kanuni ya 865 ya Mkusanyo wetu inadai kwamba mtu mzima atakayebatizwa awe amedhihirisha nia ya kubatizwa, awe amefundishwa vya kutosha kweli za imani na wajibu wa Mkristo, na awe amejaribiwa katika maisha ya Kikristo kwa njia ya ukatekumeni. Ubatizo unaotolewa ili mtu apate cheti cha kuonyesha mahakamani haumheshimu Kristo wala yule mwanamke. Waislamu nao walikuwa na haki ya kuumia.

Maulamaa hawakukaa kimya. Ashraf Ali Thanawi, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa shule ya Deoband, mwanzoni mwa karne alikuwa ameshikilia rai ya Kihanafi kwamba kuritadi kwa mke kunavunja ndoa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitoa kitabu, Al-Hila al-Najiza, chenye msimamo mwingine. Aliwaandikia mamufti wa Kimaliki wa Madina na kupata majibu yao kuhusu mume aliyepotea, mume asiyetoa matunzo na mume mwenye wazimu. Kisha akasema Wahanafi wanaweza kuifuata rai ya Kimaliki katika mambo hayo kwa sababu ya dharura. Kuhusu kuritadi, alifufua rai ya wanazuoni wa kale wa Balkh, ambao walikuwa Wahanafi vilevile, waliosema kwamba ndoa haivunjiki kwa hila ya namna hiyo. Tazama ufundi wake: hakudai kuleta jambo jipya hata moja. Kila kipande kilikuwa tayari kitabuni kwa karne nyingi. Kipya kilikuwa kuvichagua na kuviunganisha, na wanazuoni wana majina ya kazi hiyo: takhayyur, kuchagua rai kutoka madhehebu mengine, na talfiki, kuziunganisha.

Mwaka 1936 Qazi Muhammad Ahmad Kazmi alipeleka muswada bungeni, na Machi 1939 ikapita Sheria ya Kuvunja Ndoa za Waislamu. Kwa sheria hiyo mke anaweza kuiomba mahakama ivunje ndoa ikiwa mume hajulikani alipo kwa miaka minne. Ikiwa hakumpa matunzo kwa miaka miwili. Ikiwa amehukumiwa kifungo cha miaka saba au zaidi. Ikiwa hakutimiza wajibu wake wa ndoa kwa miaka mitatu bila sababu ya haki. Ikiwa anamtendea ukatili. Na kwa sababu nyingine kadhaa. Kwa mume aliyepotea, hukumu hukaa miezi sita kabla ya kufanya kazi, ili kama yu hai apate nafasi ya kurudi. Kifungu cha 4 kikaufunga ule upenyo: kuuacha Uislamu peke yake hakuvunji ndoa ya mwanamke Mwislamu. Kikaongeza jambo la busara, kwamba kifungu hicho hakimhusu mwanamke aliyeingia Uislamu kutoka dini nyingine kisha akarudi katika dini yake ya awali. Sheria hiyo inatumika hadi leo India, Pakistan na Bangladesh.

Hata hivyo maulamaa hawakuridhika. Muswada ulitaka mashauri hayo yasikilizwe na hakimu Mwislamu, kwa kuwa katika fikihi hukumu ya asiye Mwislamu haiwezi kuvunja ndoa ya Waislamu. Kifungu hicho kiliondolewa. Matokeo yake mwanamke aliweza kuwa huru mbele ya serikali huku mtaani kwake akihesabiwa bado ni mke wa mtu. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kupita hesabu ya miaka minne au 90. Watu waliweza kukubaliana kuhusu rai ya kufuata. Kilichowashinda ni kukubaliana ni nani mwenye mamlaka ya kuitamka. Kanisa lina mtunga sheria mkuu mmoja. Papa Benedikto XV alipotangaza Mkusanyo wa kwanza tarehe 27 Mei 1917, hakuna Mkatoliki aliyeuliza kama ana haki hiyo. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, dola ya Waturuki ilitoa Sheria ya Haki za Familia, nayo ikichukua rai za madhehebu mengine kuwasaidia wanawake wa Kihanafi, na swali la mamlaka likazuka mara moja. Lilizuka tena Misri mwaka 2000, bunge lilipompa mke haki ya kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari na kuacha haki zake za mali, hata mume asiporidhia. Watetezi walileta Hadithi ya mke wa Thabit bin Qays. Wapinzani walisema khului bila ridhaa ya mume haimo katika madhehebu manne.

Kwetu Afrika Mashariki jibu hutofautiana kwa nchi. Kenya, Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 inawapa makadhi mashauri ya ndoa, talaka na mirathi pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali mamlaka ya mahakama hiyo. Zanzibar ina mahakama za kadhi. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haikuzipuuza taratibu za Kiislamu: kwa kifungu cha 107(3), ikiwa ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza la usuluhishi likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hapo mmoja wao akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingevunja ndoa, mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na kutoa talaka.

Sasa turudi kwa yule mwanamke mwenye cheti mkononi. Akitaka ubatizo, asiambiwe na mtu yeyote, hata katekista mwenye nia njema, kwamba maji ya ubatizo yatamfungua na mumewe. Kanuni ya 1143, kwa msingi wa 1 Kor 7:12-15, inasema ndoa ya watu wawili wasiobatizwa huvunjika kwa upendeleo wa Mtakatifu Paulo pale tu mwenzi aliyebatizwa anapofunga ndoa mpya, na kwa sharti kwamba yule asiyebatizwa ameondoka. Kabla ya hapo mume lazima aulizwe, kadiri ya kanuni ya 1144, kama anataka kubatizwa naye, au walau kuishi na mkewe kwa amani bila kumkosea Muumba. Akijibu kwamba yuko tayari kuishi kwa amani, ndoa inabaki. Kama hajulikani alipo, Askofu aweza kuondoa sharti la kumwuliza, baada ya uchunguzi kuhakikisha kwamba haiwezekani kumpata. Kwa hiyo paroko ajue mapema: ndoa ilifungwa lini na wapi, mume yuko wapi, kama baraza la usuluhishi limewasikiliza, kama kuna talaka na nani aliitoa. Na ayaulize hayo kabla ya kuandika jina la mama huyo katika daftari la wakatekumeni, si wiki ya Pasaka.