Samaki na Mboga kwa Maji Yaleyale: Kulima kwa Ajili ya Jirani Asiye na Chakula



Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo mgao wa chakula umepunguzwa mara kadhaa. Mwaka 2025 ulishuka chini ya nusu ya kipimo kamili. Hata mgao ukitosha, nafaka, maharagwe na mafuta peke yake havina vitamini A na C ya kutosha. Mboga za majani zinazo. Lakini Turkana ni pakame na maji hupangiwa foleni. Somo hili linaeleza namna kikundi kinavyoweza kukuza mboga bila kupoteza maji, na kuwagawia wenye shida.

INAVYOFANYA KAZI

Samaki hutoa amonia ndani ya maji. Ikizidi, huwaua. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto huigeuza kuwa nitrati, ambayo ni mbolea. Mboga huifyonza, na maji hurudi kwa samaki yakiwa safi. Ninyi huongeza tu maji yaliyokauka kwa jua na yaliyonywewa na mimea.

HATUA ZA KUFUATA

1. Wekeni tangi kivulini na mlifunike kwa wavu, watoto wasitumbukie. Juu yake, penye jua, wekeni kasha la kokoto lenye kina cha sentimita 30 na tundu la kurudisha maji.

2. Maji ya bomba hutiwa klorini, nayo huua samaki na bakteria. Yaacheni wazi siku mbili kabla ya kuyatumia.

3. Anzeni na vifaranga wachache wa perege. Wiki 4 hadi 6 za mwanzo bakteria hawajatosha, kwa hiyo walisheni kidogo sana.

4. Kama hamna pampu ya jua, choteni maji kwa ndoo na kuyamwaga juu ya kokoto mara nyingi kwa siku, kwa zamu. Maji yanayoanguka huwaingizia samaki hewa. Mkiwaona wakihema juu ya maji, acheni kulisha na ongezeni kumwagilia.

5. Chakula cha samaki cha gramu 40 hadi 50 kwa siku hurutubisha mita moja ya mraba ya mboga za majani. Ondoeni kinachobaki.

6. Msitie sabuni wala dawa ya wadudu. Vyote viwili huua samaki.

Mchicha, ambao ndugu zetu wa Kongo huuita lengalenga, huwa tayari baada ya wiki 4 hivi. Samaki huchukua miezi sita au zaidi. Basi mboga ndizo za kwanza kugawa.

KUGAWA

Kubalianeni kabla ya kupanda. Kwa mfano, kila safu ya tatu iwe ya majirani. Msingoje kuona kitakachobaki, kwa sababu nyumba yenye njaa haibakizi kitu. Bei ya mboga sokoni ikipanda, kishawishi cha kuuza safu hiyo kitakuja. Ndipo makubaliano yatakapowasaidia.

Anzeni na mama anayenyonyesha, mgonjwa, mzee anayeishi peke yake na familia iliyofika karibuni. Vuneni alfajiri na mpeleke siku hiyohiyo. Mwambieni anayepokea azioshe kwa maji safi na kuzipika. Pelekeni nyumbani kwake kimya kimya, msimwite mbele za watu. Akipenda kusaidia kuchota maji, mkaribisheni, lakini lisiwe sharti.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini maji ya bomba hayatumiwi siku hiyohiyo?
2. Nani katika mtaa wetu hajala mboga wiki hii?
3. Nani atashika zamu ya maji mmoja wetu akiugua?

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma.