Nyumba ya Mkolani Inaelekea Mnadani? Mfikie Mwenyewe Kabla ya Nyundo

Unatafuta nyumba Mkolani na hela unayo? Wenzako wanangoja siku ya mnada, wapandishiane bei juani. Wewe wahi! Mwenye nyumba aliyebanwa na benki akiuza mwenyewe, deni linaisha na chenji inabaki mkononi mwake. Nawe unanunua kwa mtu aliyeridhia, si kwa mtu atakayekufuata mahakamani.

1. Tega sikio, ngoma inalia

Sheria ya Madalali inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, kwa maandishi na hata kwa kupiga ngoma. Siku hizi ngoma ni gari la matangazo, lakini masharti ni yale yale: tangazo liwe na Kiswahili, litaje jina la mwenye mali na anapoishi. Umeona? Muuzaji wako ametajwa hadharani. Ukiliona gazetini asubuhi, jioni uwe umeshaanza kazi.

2. Afisa mikopo asikuuzie majina

Atatokea mjanja na orodha ya wadaiwa sugu. Kataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na siri za wateja wa benki si bidhaa ya kijiweni. Tangazo la hadharani linakutosha.

3. Bahasha kwanza, geti baadaye

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anafika na gari, anapiga honi, anauliza kwa sauti: "Hii ndiyo inayopigwa mnada?" Majirani wote wanachungulia! Nani atakuuzia baada ya aibu hiyo? Andika barua ya nusu ukurasa, uifunge kwenye bahasha isiyo na neno "deni" wala "mnada". Sema hivi tu: "Shikamoo baba na mama. Natafuta nyumba ya kununua mtaa huu. Kama mnafikiria kuuza, niko tayari kukaa nanyi na benki yenu. Namba yangu hii." Ipeleke mwenyewe, asubuhi ya Jumamosi, na salamu ya heshima ya Kisukuma, "mwangaluka", mlangoni. Mpe siku tatu, kisha rudi mara moja tu. Akisema hapana, basi. Huenda ameshapata njia ya kulipa, na hilo ni jambo la heri.

4. Mama naye akae kitini

Baba akikubali peke yake, bado hujanunua kitu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalinda nyumba ya familia: mwenzi mmoja haiuzi bila ridhaa ya mwingine. Kwa hiyo barua yako iwasalimie wote wawili tangu siku ya kwanza. Wakati mwingine mama ndiye anayejua deni limebaki shilingi ngapi!

5. Usimkamue

Najua, bei ya kutupa inatamanisha. Lakini hata benki yenyewe, ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, Sheria ya Ardhi inaichukulia kuwa haikutafuta bei bora, mpaka ijitetee. Ikiwa benki inabanwa hivyo, wewe uliyeingia na shikamoo utoe bei ya aibu? Ulizia nyumba za jirani zimeuzwaje, kisha taja bei isiyokuaibisha.

6. Hela ipite benki

Usimkabidhi mtu mabunda sebuleni. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani ya pili au zuio la mahakama. Omba barua ya benki inayotaja deni lililobaki, kisha wakili aandike mkataba wa pande tatu: benki ilipwe kwanza, ifute rehani na kuachia hati, salio liende kwa muuzaji. Tenga pia ushuru wa stempu, asilimia 1 ya bei; huo unalipa wewe mnunuzi.