Dondoo Muhimu: Viwakilishi katika Mtihani wa Kiingereza

Kiambishi "a-" cha Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke, tena hufuata jina la mtenda. Mazoea hayo humponza mtahiniwa.

1. Mtenda asitajwe mara mbili. "My brother he sells shoes" ni kosa; sahihi ni "My brother sells shoes".

2. Mtendwa asirudiwe. Katika "the book which I bought it", "it" iondolewe.

3. Jinsia ihakikiwe. Mama ni "she", baba ni "he".

4. Utata uondolewe. "Asha told Neema that her shop was closed" haionyeshi mwenye duka. Kauli halisi hubainisha: Asha said to Neema, "Your shop is closed."